Mpango Uliongoja Sahihi

Maimouna Shaabani alikuwa mtu wa kupanga. Tangu utotoni, hata kabla hajajua kusoma, alizipanga sabuni katika duka la babake mtaani Kataki, mjini Kalemie, kwanza kwa rangi, kisha kwa ukubwa, na mteja akichomoa moja kutoka katikati mtoto alinuna mpaka jioni. Watu wa nyumbani walicheka wakamwita Direktrisi, yaani mkuu wa shule. Tabia hiyo ilimpandisha darasa baada ya darasa hadi chuo kikuu huko Lubumbashi, msichana wa kwanza kufika huko katika ukoo wao mzima wa wafanyabiashara wa ziwa. Tabia hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumtenda vibaya, na hakuna adui aliyewahi kumtenda vile.

Mwezi wa saba wa mwaka 1998 alirudi Kalemie kwa likizo. Alikuja kwa treni, safari ya siku tisa, miguu imevimba na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amebakiza mwaka mmoja tu amalize lisansi, yaani shahada yake, ya historia. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na nguo chache, na chini ya nguo karatasi kumi na mbili ambazo alizijali kuliko hizo nguo. Ulikuwa mpango wa memwari yake. Memwari ni kile kitabu ambacho mwanafunzi hukiandika mwishoni mwa masomo na kukitetea mbele ya maprofesa, ndipo apewe diploma. Na kabla ya kitabu sharti uwepo mpango: utauliza nini, utamwuliza nani, kwa njia gani, katika mwezi upi. Wengi huuona mpango kama adhabu. Maimouna aliupenda kupita kiasi.

Yeye alitaka kuandika juu ya wapishi. Si wale wa nyumba za Wazungu waliovaa kofia nyeupe, bali wanawake waliowapikia wafanyakazi wa reli na bandari enzi za Wabelgiji, Kalemie ikiitwa Albertville. Juu ya reli yenyewe vitabu vilikuwepo. Mataruma yalihesabiwa, wakubwa walitajwa kwa majina na picha. Lakini nani alikuwa anawasongea ugali wanaume wale mamia? Hapo vitabu vyote vilinyamaza. Maimouna alijua kwamba jambo hilo liliwahi kuwepo kwa sababu mmoja wa wapishi hao alikuwa bibi yake mzaa baba, Bibi Salama, ambaye alikuwa akiishi nao nyumba moja, chumba cha uani, mwenye miaka zaidi ya themanini na masikio mazima kabisa.

Alikuwa ameorodhesha mashahidi watano, wote wazee, wote wa Kalemie. Wanne wanawake: Bibi Salama, Mama Emilie, Mama Claire na Mama Alphonsine. Wa tano alikuwa mwanamume, Papa Onésime, mstaafu wa reli. Huyu aliwekwa kwa ajili ya mizani tu, kwa sababu profesa alisema si vizuri kusikia upande wa sufuria bila kusikia upande wa sahani.

Profesa mwenyewe aliitwa Hubert, na sheria yake ilikuwa moja: mpango usainiwe kwanza, ndipo uende kwa mashahidi. Miaka miwili kabla, katika kazi ndogo ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa masomo ya chuo, Maimouna alikwenda kuhoji watu kabla ya mpango kukubaliwa. Alirudi na kurasa arobaini akiwa amejaa furaha. Profesa Hubert alizifunua moja moja, akazirudisha mezani, akamwambia aanze upya na watu wengine, kwa sababu hawa alikuwa amekwisha kuwaharibu. "Mzee ukimwuliza mara ya kwanza," alisema, "anakupa alicho nacho. Mara ya pili anakupa kile anachodhani unakitaka." Maimouna alilia siku mbili bwenini. Halafu akayaandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari lake, na toka siku hiyo hakuyahoji tena.

Bibi Salama alikuwa amesikia kwamba mjukuu wake anakuja na kitabu cha wapishi. Siku ya tatu tangu Maimouna afike, bibi alioga, akavaa kitenge cha sikukuu, akaketi kwenye mkeka uani akasubiri.

"Mwanangu, njo leo tunaanza?" aliuliza. "Miye niko tayari."

"Bado, Bibi. Plani haiyasainiwa."

"Inasainiwa na nani?"

"Na profesa. Mwezi wa kumi nitamupelekea. Akiisha kusaini, mwezi wa kwanza nitarudi, njo tutaongea vizuri, maswali yote."

"Na leo hauna swali hata moja?"

"Nikikuuliza leo nitaharibu, Bibi. Vumilia kidogo."

Bibi alicheka, akasema kwamba yeye amevumilia Wazungu, amevumilia marehemu mume wake, mwezi wa kwanza si mbali. Lakini kabla hajanyanyuka alisema neno jingine, kwa sauti ya chini. "Kuna jambo moja la mule jikoni, la kambi ya reli. Siyamwambia muntu, hata babako hajui. Hilo nataka ukaliandike weye, mutoto wa damu yangu. Miye sitaki nife nalo."

Mtu mwingine yeyote angeketi palepale. Maimouna alishukuru, akaingia ndani, akafungua mpango wake na kuongeza swali mwishoni mwa orodha: *Ni jambo gani la jikoni ambalo hujawahi kumwambia mtu?* Likawa swali la thelathini na mbili. Aliliandika kwa mwandiko mzuri sana.

Mwisho wa mwezi wa nane askari wa uasi waliingia mjini. Siku nne watu walijifungia ndani, milango ikasukumiwa makabati, na babake Maimouna, Papa Shaabani, akazima redio kwa kuogopa sauti yake. Walipotoka, mji ulikuwa na wakubwa wapya. Treni ilikuwa imekufa. Lubumbashi ilibaki upande wa serikali, Kalemie upande wa waasi, na katikati kulikuwa na mstari wa vita ambao hakuna barua wala mwanafunzi angeuvuka. Umeme uliotoka kwenye mtambo wa maji wa Bendera ukaanza kukatika, siku mbili upo, wiki nzima haupo, mpaka watu wakaacha kuuulizia.

Vijana wengine waliokuwa masomoni walishika shughuli nyingine. Mmoja aliuza sukari, mwingine aliingia kwenye biro, yaani ofisi, za wakubwa wapya. Maimouna aliketi na mpango wake. Mwezi wa kumi na moja aliunakili wote kwa mkono, akamkabidhi binamu yake Abdoul-Karim, aliyekuwa akivuka ziwa kwenda Kigoma kuleta chumvi. Kutoka Kigoma bahasha ingeshuka kwa meli hadi Mpulungu, ipande malori ya Zambia, iingie Lubumbashi kwa mlango wa nyuma. Barua ilibidi ipite nchi mbili za watu ili ifike palepale nchini kwao.

"Na kama haitafika?" aliuliza Abdoul-Karim.

"Itafika."

"Dada, vita hii. Si uanze tu? Wazee wako hapa hapa."

"Sitaanza bila sahihi."

Abdoul-Karim alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akaitia bahasha ndani ya shati.

Kusema kweli, haikuwa sheria peke yake. Maimouna hakulisema kwa mtu, lakini alilijua. Muda wote ambao alingoja sahihi, bado alikuwa mwanafunzi. Kulikuwa na profesa mahali fulani, na meza, na dirisha la maktaba lenye ufa, na mtu ambaye angemwambia "endelea". Siku atakayoanza bila sahihi, atakuwa msichana wa Kataki tu mwenye daftari, anayezungumza na bibi yake uani, na chuo kitakuwa kimekwisha. Hilo ndilo lililomtisha kuliko askari. Kwa hiyo alingoja, akauita woga wake utaratibu.

Ndani ya mpango kulikuwa na jedwali la miezi, wanaloliita kronogramu. Mwezi wa kwanza 1999: kuhoji mashahidi. Mwezi wa pili ulipoingia bila jibu, alifuta kwa kifutio akaandika mwezi wa nne. Ulipofika wa nne akaandika wa saba. Alifuta na kuandika, akafuta na kuandika, mpaka karatasi ikachakaa pale kwenye kisanduku na kutoboka. Alibandika kipande kingine kwa nyuma, akaandika upya.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo wa 1999 alifariki Mama Emilie. Homa tu, homa ambayo zamani ilitibiwa kwa vidonge vichache, lakini zahanati ilikuwa imebaki na vitanda na wauguzi wasio na la kufanya. Maimouna alikwenda msibani, akaketi na wanawake. Binti wa marehemu akamshika mkono akamwambia, "Mama alikuwa anakuulizia. Anasema yule mutoto wa Shaabani atakuja lini na maswali yake." Nyumbani Maimouna alichora mstari mwembamba juu ya jina lile.

Mama Claire aliondoka mwezi wa sita, nyumba yao ilipochukuliwa na askari. Walivuka ziwa na wanawe kwenda kambi za wakimbizi upande wa pili, na habari zake zikakatikia hapo. Mama Alphonsine alikuwa amekimbilia kijiji cha Zongwe kwa mwanawe mvuvi. Zongwe si mbali, mtumbwi wa injini unafika, na Papa Shaabani mwenyewe alijitolea kumsindikiza binti yake. Maimouna akakataa. Alikuwa ametuma nakala ya pili mwezi wa nane, ni bora kusubiri. Kabla ya mwaka kwisha kipindupindu kilipita Zongwe, na Mama Alphonsine alikuwa wa kwanza kuzikwa pale.

Hapo Papa Shaabani, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikasirika mara moja tu katika vita ile yote.

"Unawangoja waishe?" alimwuliza bintiye. "Huyo profesa wako atahoji makaburi?"

Maimouna alijikaza, akasema kwamba kazi isiyo na njia si kazi, ni porojo. Alisema kwa Kifaransa, ili isibishaniwe. Babake alitoka nje.

Bibi Salama alikuwa ameyasikia yote kupitia ukuta. Asubuhi iliyofuata alikuwa anachambua mchele uani, na Maimouna akimsaidia. Bila kuinua macho bibi akaanza kuongea, polepole, kama mtu anayesema na mchele. "Siku ile mvua ilikuwa nyingi. Mule jikoni tulikuwa watu watatu, miye, Emilie, na mwingine muke mdogo mwenye mimba, jina lake..."

"Bibi!" Maimouna alisimama, ungo ukamwagika. "Bibi, tafadhali. Hapana sasa. Ukinielezea sasa, kesho hautaeleza sawa vile."

Bibi aliinua macho. Hakukasirika, na laiti angekasirika. Uso wake ulilegea tu, kama wa mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya mwanawe akaambiwa wenyewe hawapo.

"Sawa," alisema. "Miye nilidhani ni vile tu, kuongea." Akaanza kuokota mchele punje kwa punje, na toka siku ile hakulitaja tena lile jambo la jikoni.

Siku ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka 2000, Bibi Salama aliinama kuchukua birika la kutawadhia akaanguka upande. Walipomnyanyua, mkono na mguu wa kuume ulikuwa umekufa, mdomo umepinda, na ulimi haukutii. Akili ilikuwepo. Macho yalikuwepo, yakimfuata kila aliyeingia. Maneno ndiyo yaliyokuwa yameondoka.

Ndipo Maimouna alipoivunja sheria. Alichukua daftari, akaketi sakafuni kando ya kitanda, mchana kweupe, mlango wazi, majirani wakipita na kuchungulia. Alisoma swali la kwanza. Bibi alimtazama. Alisoma la pili, la tatu, la kumi. Aliposoma swali ambalo jibu lake lilikuwa ndiyo au hapana, bibi alifumba jicho, na Maimouna akaandika alama. Lakini maswali mengi hayakuwa ya ndiyo wala hapana. Alikuwa ameyatunga kwa ufundi ili shahidi aeleze kwa maneno yake mwenyewe, kwa urefu, bila kuongozwa. Profesa angeyasifu.

Alipofika la thelathini na mbili, lile la jikoni, alilisoma polepole. Bibi Salama akajaribu. Shingo ilitoka mishipa, kifua kikapanda, na ikatoka sauti moja ndefu isiyokuwa na neno ndani yake. Akajaribu tena. Mate yakamtoka pembeni ya mdomo, na machozi nayo. Maimouna alitupa daftari, akamkumbatia kichwa, akawa anasema, "Basi Bibi, acha, acha, nisamehe," na mkono mmoja wa bibi, ule mzima, ukawa unampiga mgongoni polepole kama anayebembeleza kichanga. Yeye aliyenyang'anywa maneno ndiye aliyekuwa anambembeleza.

Alikufa baada ya wiki sita, siku ya Ijumaa, akazikwa kabla ya alasiri. Watu wengi walihudhuria. Maimouna hakulia mbele za watu, na baadhi ya shangazi zake walimsema kwa hilo.

Mwezi wa sita Abdoul-Karim alirudi kutoka Kigoma na bahasha iliyochakaa, imefunguliwa na kufungwa na askari wa pande zote. Maimouna alijua mwandiko. Aliifungulia pale dukani, babake akiwa amesimama upande wa pili wa meza. Barua ilikuwa ya Kifaransa, fupi, na ilisema hivi:

"Maimouna, mipango yako yote miwili ilinifikia kwa pamoja mwezi wa nne. Ni mizuri. Naweka sahihi hapa chini kwa sababu nakujua, bila sahihi hutatulia. Lakini sahihi ni desturi ya wakati wa amani, na wewe una akili ya kutosha kulijua hilo. Naamini hukuningoja. Mashahidi wako ni wazee, na vita haiwahurumii wazee. Niandikie upesi, na kabla ya yote niambie bibi yako alijibu nini swali la thelathini na mbili. Tangu nilisome nalifikiria."

Chini yake ilikuwapo sahihi, kubwa, ya wino wa buluu.

Maimouna aliisoma mara mbili, akamtafsiria babake neno kwa neno, hakuruka kitu. Papa Shaabani alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kile alichokuwa na haki ya kukisema. Alimwekea kiti.

Siku ya pili yake alikwenda kwa Papa Onésime. Alikuwa ndiye pekee aliyebaki mjini kati ya wale wa orodha, yule wa mizani. Mzee alimpokea vizuri, akamtolea kiti, akavaa shati kwa heshima ya mgeni. Maimouna alifungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe, jina na umri.

"Papa, unieleze jikoni ya kambi ilikuwaje."

Papa Onésime alifikiri sana. Ilionekana wazi kwamba anataka kumsaidia.

"Mwanangu, miye jikoni siyaingia hata siku moja. Wanaume tulikuwa hatuingie. Ilikuwa inatoka sahani kwenye dirisha, tunakula, tunarudia kazi."

"Sahani inatoka kwa mukono wa nani?"

"Mukono wa wamama. Wengi. Siyajua majina. Ugali wao ulikuwa muzuri, hiyo uandike." Alitabasamu kwa kukumbuka, kisha akamtazama vizuri. "Lakini Mama Salama si njo alikuwa mukubwa wa jikoni ile? Na si ulikuwa unakaa naye nyumba moja? Juu ya nini haukumuuliza yeye?"

"Nilikuwa nangoja ruhusa, Papa."

"Ruhusa ya kuongea na bibi yako?"

Maimouna alifungua kinywa kumweleza habari za mpango, na njia, na mashahidi wasioharibiwa. Aliyajua yote kwa moyo na alikuwa ameyasema mara nyingi. Papa Onésime alikuwa anasubiri jibu kwa adabu, mikono magotini, na Maimouna, badala ya kuyasema, akaandika kwenye ukurasa ule mpya kwamba ugali ulikuwa mzuri.